Kati ya "sina kitu" na "mimi si kitu"

Mwezi wa sita Bariadi ni mwezi wa pamba. Malori yanapita yamejaa, nyingine inadondoka njiani na kunasa kwenye majani ya kando ya barabara kama manyoya ya kuku. Jioni moja ya mwezi huo tulikuwa tumekaa uani chini ya mwarobaini, mimi na mtoto wa dada yangu aliyekuja likizo. Yeye na simu yake, mimi na kikombe changu cha chai. Akaweka wimbo. Gitaa linaanza taratibu, mwanamume anaimba kama mtu aliyezuia kilio tangu asubuhi, halafu ghafla gitaa jingine linakwaruza kama bati linaloburutwa juu ya zege, na jamaa anapaza sauti.

"Anko," akasema, "maneno nayaelewa. Ila sielewi huyu jamaa anataka nini."

"Kuna binti anampenda."

"Sasa mbona anajitukana yeye?"

Nilikuwa na jibu la haraka mdomoni, nikalimeza na chai. Swali lake limenikaa kichwani tangu siku ile, na ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Wimbo wenyewe ni "Creep" wa Radiohead, bendi ya Uingereza, uliotoka mwaka 1992. Jina lake ni gumu kulivisha Kiswahili. Ni mtu wa kunyemelea, mtu anayewakosesha wengine raha kwa kuwapo tu. Kijana anamtazama mwanamke aliye karibu naye na hawezi hata kumwangalia machoni. Mwanamke ni kama malaika, yeye ni takataka. Anatamani awe na mwili mzuri zaidi, roho nzuri zaidi, atambulikane hata pale asipokuwapo. Mwisho anahitimisha kwamba mahali pale si pake. Hakuna mtu aliyemfukuza. Msikilize tena: hakuna baba mkali, hakuna mpinzani, wala hakuna aliyemcheka. Kesi nzima kaisikiliza mwenyewe, kajihukumu mwenyewe, na mwanamke hajui hata kama kulikuwa na kesi.

Hapo kwenye neno malaika ndipo nilipokumbuka wimbo wetu. Ninaposema wetu nawachokoza ndugu zangu Wakenya kidogo, kwa sababu "Malaika" ilirekodiwa Nairobi na Fadhili William mnamo mwaka 1960 hivi, na Watanzania wengi watakuambia mtunzi wake wa kweli ni Adam Salim, Mtanzania aliyeishi Nairobi katika miaka ya 1940. Ugomvi huo ni mrefu na wapo wengine waliodai fungu lao. Mimi kinachonichekesha ni kwamba wimbo unaolia kwa kukosa mali umegeuka kuwa mali ya kugombaniwa. (Na "Creep" vilevile. Watunzi wa wimbo wa zamani uitwao "The Air That I Breathe", Albert Hammond na Mike Hazlewood, walidai kwamba umefanana na wao, na leo majina yao yameandikwa pamoja na ya bendi kwenye orodha ya watunzi.)

"Malaika" kila mtu anaijua, au anadhani anaijua. Kijana anampenda msichana, anamwita malaika, anataka kumwoa, na kinachotakiwa ili aoe hana. Fedha inamtesa moyoni. Anamwazia kama ndege mdogo. Basi. Hakuna zaidi.

Miriam Makeba aliupeleka wimbo huu duniani. Upo kwenye albamu aliyofanya na Harry Belafonte mwaka 1965, ile iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Boney M wakaurudia mwaka 1981. Mamilioni ya watu wasiojua neno moja la Kiswahili wameusikia kama wimbo wa mapenzi matamu, na siwalaumu, maana sauti ile hata mimi inanifanya nisahau fedha. Lakini mahari imepotelea njiani. Wanachosikia wao ni malaika na ndege. Na si wao tu. Nenda kwenye ukumbi wowote wa harusi hapa mjini. Bibi na bwana harusi wanaingia, watu wamesimama na simu zao juu, mshereheshaji anaweka "Malaika". Wimbo wa kijana aliyeshindwa kuoa, unapigwa siku ya kuoa! Siku moja nilimwambia mzee niliyekaa naye meza moja. Akafikiri kidogo, akasema, "Acha upigwe. Huyu ndiye aliyezipata."

Sasa ziweke nyimbo hizi mbili pamoja. Wanaume wawili, wote wamemwona malaika, wote wanasema hawawezi kumfikia. Kwa haraka utasema ni wimbo mmoja kwa lugha mbili, na mimi niliamini hivyo kwa siku kadhaa. Kisha nikaona jambo dogo. Kijana wa "Malaika", baada ya kumwita msichana jina la mbinguni, anajitaja mwenyewe kwake kuwa ni kijana mwenzake. Mwenzake! Neno hili kwa Kiswahili halina mchezo. Mwenzako ni mliye sawa, mnayekula sahani moja. Kwa hiyo hata anapolia hajashuka ngazi. Kilichopungua kipo nje yake, na jina lake linajulikana: ni mali. Kijana wa "Creep" hana chochote cha nje cha kukitaja. Kilichopungua ni yeye.

Kiswahili kimetupa njia fupi ya kuiona tofauti hii. Tunasema "sina kitu", na tunasema "mimi si kitu". Silabi moja, "na", ndiyo inayozitenga. Ya kwanza ni hesabu tu. Unaweza kuihakiki kwa kwenda zizini na kuhesabu, na mwakani ikabadilika. Ya pili ni hukumu juu ya nafsi, na haina zizi la kwenda kuhesabia. Nadhani balaa la mtu aliyezama kwenye mapenzi ni kwamba anaianza safari akiwa kwenye sentensi ya kwanza, ambayo ni ya kweli, na bila kusikia kishindo chochote anajikuta yuko kwenye ya pili.

Plato ana kisa kwenye kitabu chake cha *Karamu*. Anasema mama yake Mapenzi aliitwa Umaskini, na baba yake aliitwa jina la mtu mwenye njia, mwenye maarifa ya kupata. Mama alikuja mlangoni kwenye sherehe ya miungu kuomba makombo, na mimba ikatungwa siku hiyo. Ndiyo maana Mapenzi hutembea peku, analala vibarazani, na wakati huohuo ni mwindaji hodari asiyekosa mbinu. Napenda kisa hiki kwa sababu kinakataa kwamba kukosa kunamwondolea mtu sifa ya kupenda. Kukosa ndiko kunakomfanya apende. Aliyeshiba anatafuta nini mlangoni?

Lakini Plato hakulipa mahari Usukumani, kwa hiyo nirudi nyumbani.

Kwetu ukisema mali, watu wanaona ng'ombe kabla hawajaona noti. Na ng'ombe si picha ya ushairi. Anatembea na anakufa kwa ukame, na akitoka kwenye mahari ya dada anaingia kwenye mahari ya kaka. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Bariadi ikiwa bado wilaya ya mkoa wa Shinyanga (Simiyu ilizaliwa mwaka 2012), nilikuwa sekondari na nilimpenda msichana tuliyesoma naye. Sitamtaja. Baba yake alikuwa na kundi kubwa upande wa Itilima. Sisi tulikuwa na ng'ombe sita, na kaka yangu mkubwa alikuwa ameshaanza mazungumzo ya kuoa. Hesabu hiyo haikuhitaji mwalimu. Sina kitu: kweli tupu.

Kama ningebaki hapo nisingekuwa na la kuandika leo. Ningekuwa kijana maskini anayempenda binti wa tajiri, na nchi imejaa hao. Ila sikubaki. Kwanza niliacha kujibu maswali darasani akiwapo. Kisha nikaona miguu yangu. Jumamosi tulipokwenda kuteka maji nilivaa katambuga za tairi kama nusu ya wavulana wengine, lakini ghafla zangu zikawa na sauti kubwa kuliko za wengine. Akicheka na wenzake, alikuwa ananicheka mimi. Asipocheka, alikuwa ananionea huruma, ambayo ni mbaya zaidi. Niliandika barua nne, nikazichoma zote nyuma ya bweni. Usiku redio ya mlinzi ilipiga zilipendwa, na "Malaika" ilipokuja nilikuwa nauma blanketi. Niliamini wimbo ule unanihusu. Leo naona nilikuwa nauimba vibaya. Mdomoni nilikuwa na "Malaika", moyoni nilikuwa na ule mwingine ambao hata sikuwa nimeusikia bado.

Na nitasema jambo la aibu: nilijiona mwema. Nilidhani kukaa kimya kwangu ni unyenyekevu. Ninyi mnaojidai kwa wasichana, mimi najijua mahali pangu. Kuna utamu fulani kwenye kujidharau, na mwenye kuujua utamu huo hakubali kwa urahisi kuuachia. Mtu anayesema "mimi si kitu" amejitoa pia kwenye madeni yote ya mtu. Asiye kitu hahitaji kusalimia, wala kueleza kwa nini anamtazama mtu kila siku kutoka nyuma ya mti wa mkwaju. Hili ndilo linalonitisha kwenye "Creep", na nadhani mwimbaji mwenyewe alilijua, ndiyo maana akachagua jina lile badala ya jina la huruma. Anayejiona mdudu hukosa haya ya kunyemelea. Yule wa "Malaika" anasimama mbele ya msichana na kusema naye, hata kama anachosema ni kwamba ameshindwa.

Naomba nisieleweke kwamba namhubiria kijana "jiamini, utafanikiwa". Wahamasishaji wa mitandaoni wapo, na wanalipwa. Kijana asiye na ng'ombe anayemwendea mzee mwenye zizi kwa kujiamini kwingi bado hana ng'ombe. Kizuizi ni cha kweli, na wimbo wetu una heshima ya kukiita kwa jina lake bila kukipaka sukari. Ninachobishania ni kitu kidogo: kwamba kizuizi kilicho mlangoni si kipimo cha aliyesimama nje.

Mwaka fulani baada ya mkoa kuanzishwa nilipanda Coaster pale Lamadi kuja Bariadi. Nikakaa, nikageuka, na ni yeye. Mwalimu, ameolewa Maswa, ana watoto watatu, amebeba dumu la mafuta na begi la daftari za kusahihisha. Tulisalimiana kama watu wazima. Tukataja waliofariki, maana ndivyo watu wa rika letu tunavyoanza. Sijui nini kilinipata, labda ni ile hali ya kukaa na mtu bila kulazimika kumtazama usoni kwa kuwa wote mnatazama mbele. Nikamwambia. Nilisema kwa mzaha, kama mtu anayesimulia habari za mwingine: unajua enzi zile nilikuwa nakupenda, ila nilijiona sitoshi.

Alicheka sana, hadi kondakta akageuka. "Kwani mimi nilikutajia bei?"

Nikacheka pia. Nilidhani yameisha. Gari likapita vijiji viwili, akawa anatazama mashamba ya pamba dirishani, kisha akasema bila kucheka:

"Tena bei yenyewe nisingeitaja mimi. Angeitaja baba, na baba zangu wadogo. Mimi walinipa habari ilipokuwa imeshakubaliwa." Akanyamaza. "Ungeniuliza wewe, angalau ningekuwa nimeulizwa na mtu mmoja."

Sikuwa na la kujibu, na hadi leo sina. Kwa miaka yote ile nilidhani aliyepoteza ni mimi. Haikuwahi kunipitia kichwani kwamba kujishusha kwangu kumemgusa yeye. Nilimwita malaika, na malaika haulizwi. Malaika anatazamwa. Baba yake alimweka kwenye hesabu ya ng'ombe, mimi nilimweka mbinguni, na kwa upande wake yeye tofauti ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani: kote kuwili hakuna aliyesubiri jibu lake. Simaanishi kwamba angenikubali. Hakusema hivyo, nami sikumwuliza. Pengine angenikataa pale pale kwenye njia ya maji, mbele ya ndoo zake, na angekuwa na haki. Lakini "hapana" ile ilikuwa mali yake, na mimi niliichukua nikaisema kwa niaba yake, kisha nikaiita unyenyekevu.

Tazama tena nyimbo zote mbili. Mwanamke hajibu. Kwenye "Creep" hawezi, kwa kuwa hajasemeshwa. Kwenye "Malaika" angeweza, kwa kuwa mwenzake yuko mbele yake, ila wimbo unakwisha kabla. Hapo ndipo nadhani kuna siri ya Makeba. Anapouimba yeye, ghafla maneno ya kijana maskini yametoka kwenye kinywa cha mwanamke. Hakubadilisha hadithi, bado anayetaka kuoa ni mwanamume, lakini sikio linasikia kitu kingine: kwamba huenda hata yeye alikuwa anashindwa na mali ileile, kwa upande wake wa ukuta.

Wasukuma tuna nyimbo za aina tofauti kabisa na hizi. Baada ya mavuno huwa kuna mashindano ya ngoma kati ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wachezaji ambavyo upinzani wao ni wa siku nyingi. Mgeni akija kwa mara ya kwanza hushangaa mambo mawili. La kwanza ni majigambo. Manju hasemi "sitoshi" hata akiwa na nguo moja. Anajisifu, anasifu dawa zake, anamchambua mpinzani wake hadi ukoo. La pili ni kwamba pande zote mbili zinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi. Hakuna jaji mwenye karatasi. Watu wanahama. Unaona kundi zima linasimama kwa Bagalu, kisha Bagika wanatoa jambo jipya, labda chatu, labda mchezo wa majembe, na watu wanaanza kukimbia kuvuka uwanja huku mavumbi yakipanda.

Zamani majigambo yale yaliniudhi. Niliyaona ni kelele za watu wasiojijua. Sasa nayaona kwa jicho jingine. Manju anajisifu, ndiyo, tena anatia chumvi, lakini anaimba mbele ya watu wenye miguu. Anajua wakati wowote wanaweza kumwacha, na kuna siku wanamwacha kweli akabaki anawaimbia watoto na mbwa. Anajitoa nje ili apimwe na wengine. Mimi nyuma ya mkwaju nilijipima mwenyewe ili nisipimwe. Kati ya sisi wawili, mwenye kiburi alikuwa nani?

Sikumweleza mpwa wangu haya yote jioni ile, angelala. Nilimwambia tu kwamba jamaa wa kwenye wimbo amechanganya kukosa kitu na kuwa si kitu.

"Sasa alitakiwa afanyeje?"

"Amsalimie."

"Halafu akikataa?"

"Atakuwa amekataa."

Akatulia. Akazima wimbo, akawa anapandisha na kushusha kitu kwenye kioo cha simu kwa kidole gumba. Dada akatoka jikoni akatuambia chakula tayari, tunawe mikono. Tulipokuwa tunanyanyuka, mpwa wangu akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya mbegu, siku hizi upande wa Meatu mahari ni ng'ombe wangapi. Nikamwambia amalize kidato cha sita kwanza.